Hema juu ya gari, homa ndani

*Wikendi ndefu zikifika, magari ya wapiga kambi hukata kona Voi kuelekea Taveta, Ziwa Jipe na Ziwa Chala. Mara nyingi ndani yake yumo mtu anayejikaza. Kwa nini hakubaki nyumbani, na nani hulipia uamuzi wake?*

Ijumaa jioni ya wikendi ndefu, vituo vya mafuta vya Voi hujaa magari yaliyofungiwa mahema juu ya paa. Vijana hushuka kunyoosha miguu, kununua maji, mkaa na barafu ya kutia kwenye kasha la vinywaji. Aghalabu mmoja hashuki. Ameegemeza kichwa kwenye kioo cha kiti cha nyuma, amejifunika shuka la Kimaasai, na joto la Voi ni lile linalomfanya mtu mzima avue hata viatu. Mwenzake humpitishia dirishani vidonge viwili vya Panadol na chupa ya maji. Anameza, anasema yuko sawa, safari inaendelea.

Hapo ndipo barabara inapogawanyika. Ukinyoosha, Mombasa iko mbele kwa kilomita 150 hivi. Ukikata kwenda magharibi, unapita Mwatate, Bura na Maktau, unavuka kipande cha Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, kisha unatokea Taveta, mpakani na Tanzania. Ni mwendo wa takriban kilomita 110, na tangu lami iwekwe, watu huuona mfupi. Zamani ilikuwa safari ya vumbi ya nusu siku, na mgonjwa asingefika Maktau kabla ya kuomba arudishwe. Lami imewaondolea watu nafasi hiyo ya kughairi.

Voi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi. Mwatate kuna hospitali ya kaunti ndogo, Taveta vilevile. Katikati, hasa baada ya Maktau, kuna nyika, tembo na reli ya zamani. Kwa hiyo swali la nani aendelee na nani arudi lina mahali pake pa kuulizwa, napo ni Voi. Tatizo ni kwamba Voi watu hushughulika na barafu.

Mchango umeshatolewa

Ukiuliza kwa nini mgonjwa yumo garini, wengi watakuambia ni ubishi wa vijana. Mimi naona tuanze na hesabu.

Safari hizi hupangwa kwenye kundi la WhatsApp, mwezi mmoja au miwili kabla. Gari hukodishwa kwa pamoja, mahema kwa pamoja, chakula kwa pamoja. Tuseme watu sita wamekodi gari la shilingi 60,000 kwa siku tatu, kila mmoja ametoa 10,000. Mmoja akijiondoa Alhamisi usiku na kudai chake, waliobaki watano wataongeza 2,000 kila mtu, tena dakika za mwisho, mshahara ukiwa umeshakwisha. Asipodai, pesa zake zimekwenda na bado ataulizwa kwa nini amewaangusha wenzake.

> Akidai pesa zake, ameharibu safari. Asipodai, amezipoteza. Kwa hiyo anameza vidonge na kupanda gari.

Ongeza ruhusa ya kazini iliyoombwa kwa kubembeleza, ada ya hifadhi iliyolipwa mapema kupitia eCitizen, na mtoto aliyeahidiwa kumwona kiboko. Mtu mwenye nyuzi 38 za homa anapoyapima hayo yote, homa ndiyo inayoonekana nyepesi.

Wapo wanaosema kupunga upepo ni dawa. Si uongo mtupu. Mtu aliyechoshwa na kazi huamka Jipe akiuona Mlima Kilimanjaro bila mawingu, na kichwa kilichomgonga wiki nzima kikatulia. Ila upepo wa Jipe hautibu kinachosababishwa na mdudu au kirusi, na hapo ndipo wahudumu wa afya na wapanga safari wanapopishana kauli.

Kiboko kati ya hema na choo

Ziwa Jipe ni la kina kifupi, limezungukwa na matete, na upande wa Kenya limepakana na Tsavo Magharibi. Kambi iko karibu na maji. Viboko hutoka humo giza likiingia, huja kula nyasi, na hawana habari kwamba mahali wanapochunga ndipo ulipopiga hema.

Sasa mfikirie mtu aliyetoka Nairobi tumbo likimuendesha. Mchana alivumilia kwa kusimamisha gari mara kwa mara. Saa nane usiku anahitaji choo, na choo kiko hatua kadhaa gizani. Anawasha tochi kupitia wavu wa hema, anaona mgongo mpana unang'aa, anasikia nyasi zikikatwa. Atafanya nini? Atasubiri. Mwenye afya anaweza kusubiri. Mwenye kuhara hawezi, na anayemwamsha mwenzake amsindikize anawaweka wawili hatarini.

Hali ikizidi, je? Kanuni za hifadhi zinakataza wageni kuendesha gari usiku. Milango hufungwa jioni na kufunguliwa alfajiri. Kutoka na mgonjwa saa tano za usiku ni mpaka uwatafute askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wakubali, pengine wakusindikize, nanyi mwende polepole kwa sababu tembo husimama katikati ya njia bila taarifa. Ndege ya wagonjwa nayo haitui gizani kwenye kiwanja cha vumbi kisicho na taa. Kwa hiyo uamuzi wa Ijumaa mchana ukikosewa, hurekebishwa Jumamosi alfajiri, na saa zote za katikati ni za mgonjwa na hema lake.

Chala ni habari nyingine. Ziwa hilo liko ndani ya shimo la volkano, mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji, na kina kinazidi mita 90. Kulifikia hushuka kwa miguu ukutani, kurudi hupanda. Aliyetapika asubuhi akashuka saa sita mchana huenda asipande. (Na asiogelee, awe mgonjwa au mzima: mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa na mamba humo.)

Homa ilianza lini?

Hili ndilo jambo linalowachanganya wengi, hata wasomi.

Mbu akikuambukiza malaria leo, huugui kesho. Vimelea hupitia kwenye ini kwanza, na dalili huchukua siku 7 kwa uchache, mara nyingi kati ya 10 na 15, kabla ya kujitokeza. Maana yake ni kwamba anayeanza kutetemeka usiku wa pili Jipe hakuumwa na mbu wa Jipe. Homa yake aliibeba kutoka kwao, au kutoka safari ya wiki mbili zilizopita, pengine mazishi ya Kisumu au harusi ya Kilifi. Wenyeji wa Taveta, ambao kila mara husikia mji wao ukilaumiwa kwa malaria, wana haki ya kukasirika kidogo hapo.

> Anayetetemeka usiku wa pili Jipe hakuumwa na mbu wa Jipe.

Mwenye homa akifika Taveta naye anapoteza kipimo. Alitoka Nairobi akiwa na mafua, au alidhani ni mafua. Siku ya tatu homa bado ipo. Ni mafua yale yale? Ni malaria ya safari iliyopita? Ni taifodi? Aliyekuja mzima akaugua, jambo liko wazi: kimebadilika kitu. Aliyekuja mgonjwa hana pa kuanzia.

Paracetamol huongeza utata. Hushusha joto kwa saa nne hadi sita, mgonjwa akacheka, akala nyama choma, kundi zima likaamini amepona. Kisha dawa inaisha nguvu. Wengine hujumlisha Panadol na zile dawa za mafua za pakiti bila kusoma kwamba nazo zina paracetamol ndani. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ini halijali kwamba vilitoka kwenye pakiti mbili tofauti.

Kwa wanaotokea Mombasa kuna dengi. Mji huo umepata milipuko mwaka 2013 na 2014, tena 2017, tena 2021. Dengi huanza kama homa nyingine yoyote: joto, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo vinavyouma kana kwamba umepigwa. Hatari yake huja wakati watu wanaposhangilia, homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo likiuma sana, kutapika kusipokoma, au fizi zikitoa damu, hilo ni la hospitali sasa hivi. Tena aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana karibu kila sanduku la dawa la gari, zinaweza kuongeza kutokwa damu. Asiyejua ana homa gani asizinywe.

Mji uliozoea wasafiri wagonjwa

Taveta imewaona wasafiri wa namna hii kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 msitu wa Taveta kando ya mto Lumi ulikuwa kituo cha misafara kutoka pwani. Baada ya siku za nyika isiyo na maji, wapagazi walifika penye kivuli, ndizi na maji, wakapumzika, wakauguza miguu. Pagazi aliyeshindwa kubeba mzigo alijua kwamba msafara ungeondoka bila yeye.

Charles New, mmishonari wa Kimethodisti aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alirudi tena Uchagani, akanyang'anywa mali, akaugua njiani akirudi pwani. Alifariki Februari 1875 kabla ya kufika kituo chake cha Ribe. Joseph Thomson alipita Taveta mwaka 1883 akielekea Umaasaini, akakaa hapo watu wake wakitunga upya shanga za kulipia njia. Mwaka uliofuata alirejea pwani akiwa amedhoofishwa na kuhara damu, sehemu ya njia akibebwa kwa machela. Mabega yaliyombeba yalikuwa ya wapagazi, na historia haikuyauliza kama nayo yalikuwa mazima.

Halafu ikaja vita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuwafuata, na Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini wakachapwa kwenye kilima cha Salaita, kinachoonekana hadi leo ukiikaribia Taveta. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na waliokufa zaidi ni wapagazi wa Kiafrika. Mgeni akitembelea makaburi ya vita ya Taveta na Voi atayakuta nadhifu. Ya wapagazi hatayaona.

Katikati ya miaka ya 1950 Taveta ikaingia kwenye vitabu vya tiba. Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, ulioongozwa na watafiti wa taasisi ya Amani huko Tanganyika chini ya Dakta Bagster Wilson, ulipuliza dieldrini ndani ya nyumba pande zote mbili za mpaka. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upulizaji ulipokoma mwaka 1959, mbu hawakurudi siku moja, lakini walirudi. Dieldrini yenyewe sasa imo kwenye orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Kwa nini mbu wanapapenda? Taveta iko mita 750 hivi juu ya bahari, chini ya mlima unaoiletea maji ya chemchemi kama za Njoro, yanayomwagilia migomba na mpunga. Maji hayo ndiyo utajiri wa mji. Nairobi iko karibu mita 1,800, baridi kwa mbu, na aliyezaliwa na kukulia huko hana kinga yoyote. Hata aliyekulia mahali penye malaria akahamia Nairobi, kinga yake hufifia kadiri miaka inavyopita. Huyo ndiye anayejidanganya kwa urahisi zaidi: mimi ni mtu wa huku, malaria hainiwezi.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likitajwa katika matangazo ya safari. Pasaka na Madaraka huangukia ndani ya masika au mwisho wake. Mashujaa na Jamhuri huja na vuli. Sikukuu zetu na mbu zina kalenda moja.

Dereva akipiga miayo

Mgonjwa akiwa abiria, tunamwonea huruma. Akiwa dereva, tunanyamaza, maana ndiye mwenye leseni na pengine gari ni lake. Piriton na dawa nyingi za mafua na mzio huleta usingizi. Kutoka Nairobi hadi Voi ni zaidi ya kilomita 300 za malori yanayoenda na kurudi bandarini, na kupishana nayo jioni kunataka macho makali. Hapa sioni pande mbili za mjadala. Aliyemeza dawa ya usingizi akabidhi funguo.

Kwa abiria nakubali kuna nafasi ya kubishana. Pua inayotiririka bila homa haifai kuvunja safari ya watu sita, ingawa hema la watu watatu lililofungwa zipu dhidi ya mbu ni mahali pazuri pa kugawana mafua. Kichefuchefu cha gari huisha gari likisimama. Lakini homa iliyopanda ndani ya saa 48 zilizopita, kutapika kunakorudisha hata maji, au kuhara kwenye damu, hiyo ni sababu ya kubaki, na kwa mtoto mdogo au mama mjamzito haina mjadala.

Anayeshuku malaria apime kabla ya kumeza dawa. Kipimo cha haraka huchukua tone la damu kidoleni na dakika 15 hadi 20, muda mfupi kuliko foleni ya nyama choma. Ikithibitika, dawa ya kwanza nchini ni AL (artemether-lumefantrine), dozi 6 kwa siku 3, inywewe na chakula. Akitapika ndani ya nusu saa, hiyo dozi irudiwe. Akishindwa kabisa kuizuia tumboni, akichanganyikiwa au akipumua kwa shida, anahitaji sindano hospitalini. Mwenye kuhara bila damu na asiyetapika anaweza kushikiliwa kwa ORS, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko hivyo vipimwe. Chumvi ikizidi, inadhuru.

Ng'ambo ya Holili

Wakazi wa Taveta wanajua jambo ambalo wageni hawalijui: Moshi, upande wa Tanzania, iko karibu kuliko Voi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imewapokea wagonjwa wa upande wa Kenya kwa miaka mingi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kianze kazi mwaka 2016, kuvuka kumekuwa kwepesi.

Wepesi huo una masharti. Anayetoka Kenya kuingia Tanzania huulizwa cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo hutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kisha hudumu maisha yote, na mwenye homa kali huambiwa asubiri apone ndipo achanjwe. Kwa hiyo hakuna njia ya kuipata pale mpakani ukiwa na mgonjwa mikononi. Na mlango wenyewe unaweza kufungwa: tarehe 16 Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilisimamisha watu kuvuka mpaka wa Tanzania, ikabakiza mizigo tu, na madereva wa malori wakalazimika kupimwa. Familia zenye ndugu pande zote mbili hazijasahau.

Hesabu ifanywe mapema

Wapanga safari wana hoja yao: gari lililokodishwa limekodishwa, na mwenye gari hajali nani ana homa. Ni kweli. Lakini kundi linaloweza kukubaliana nani ataleta sufuria linaweza kukubaliana pia, siku ya kwanza ya mchango, kwamba kila mtu aongeze shilingi mia chache kwenye mfuko wa atakayeugua. Kwa mfano wetu wa watu sita, 500 kila mmoja ni 3,000. Haifidii yote. Inatosha kumfanya mtu aseme Alhamisi usiku kwamba anaumwa, badala ya kusema Jumamosi akiwa Jipe.

Njia nyingine ni kulala Voi usiku wa kwanza. Homa ikishuka bila dawa kufikia asubuhi, mnaendelea na mnapita Maktau mchana kweupe. Isiposhuka, hospitali ni dakika chache, na treni ya kumrudisha mgonjwa Nairobi au Mombasa inasimama hapo hapo. Mtapoteza usiku mmoja wa Jipe.

Nao waliorudi salama wana kazi moja imebaki. Homa ikiwashika hata wiki mbili au tatu baadaye, Nairobi, katikati ya baridi, huku kila mtu ofisini akiwa na mafua, wamwambie daktari kabla hajauliza: nililala Taveta, tarehe fulani. Kliniki ya mjini isipoambiwa hivyo inaweza kuandika dawa ya kifua, ikampa mgonjwa mapumziko ya siku mbili na kumrudisha nyumbani bila kumtoboa kidole.